Zamu ya Togolai

Katika kijiji kizima cha Kighonda kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba Togolai hakumuua shemeji yake, na mtu huyo hakuwa Togolai. Alikuwa Nambike, injinia wa maji, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Asubuhi, siku moja kabla ya baraza, alikuwa amejifungia katika chumba cha mitambo, akizungumza kwa simu na bosi wake aliyeko bondeni.

"Wanasema anaondoka," alisema Nambike. "Kesho atasimama mbele ya baraza, atarudisha zamu yake, atakabidhi shamba, kisha atavuka mlima asirudi. Ndiyo mila yao. Maji yakiua mtu, aliyekuwa na zamu anahama."

"Mila ni mila," alijibu Injinia Mkuu Shekolowa, kwa sauti ya mtu aliye katikati ya chai yake. "Sisi tuliikuta."

"Mila inamhusu aliyefungua maji. Yeye hakufungua."

"Nambike, mdogo wangu, tusirudi huko."

Huko alikokataa kurudi ndiko kulikokuwa na ukweli wote. Kighonda ilikuwa na ndiva, yaani bwawa la mawe walilolijenga mababu mlimani ili kukusanya maji ya kumwagilia, na baada ya Ukame Mkuu kuta zake zikatiwa zege. Pembeni ilisimama nguzo, na juu ya nguzo mpini wa chuma. Kila kaya ilikuwa na zamu ya kuushika. Ukiusukuma kulia, lango linafunguka na maji yanakimbilia mferejini kwenda kwenye matuta. Ukiusukuma kushoto, yanapungua. Mshika zamu huvaa pembe shingoni, na kabla ya kuongeza maji huipuliza ili aliyemo mferejini apande juu. Watu wa Kighonda walibishana kuhusu nani ana mkono mzuri kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Togolai ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Walisema yule maji yanamwitikia.

Chini ya mpini hapakuwa na kitu. Kulikuwa na springi ya kuufanya uwe mzito, na kihisi cha kupima umesukumwa kiasi gani, basi. Lango lenyewe lilifunguliwa na mota, na mota iliamriwa na Mratibu, mtambo uliosoma unyevu wa kila tuta, mwendo wa mawingu na afya ya kila ukuta. Mtu akisukuma mpini, Mratibu alimpa maji ya kumridhisha macho, kisha akayarudisha taratibu kwa bomba la chini mtu huyo akishageuka. Na kwa kuwa Mratibu ndiye aliyepanga zamu, mara nyingi mtu alisukuma saa ileile ambayo lango lilikuwa lifunguke hata kama asingezaliwa.

Uongo huo haukutokana na ubaya. Mlima wa pili, kijijini Masheko, Mratibu alifungwa bila mpini wowote, na watu wakaambiwa ukweli: nyinyi pumzikeni, maji yatakuja yenyewe. Yakaja kweli, tena kwa wakati. Lakini nani atazibua mfereji usio wake? Magugu yakaota, matuta yakabomoka pasipo mtu wa kuokota jiwe, wanaume wakahamia vibarazani, na msimu wa nne maji yalikuwa yakimwagika kwa ustadi mkubwa kwenye vichaka. Kijiji kilichofuata kilikuwa Kighonda. Kighonda wakapewa mpini, na Kighonda wakavuna hadi wakakosa pa kuweka.

"Unataka iwe Masheko nyingine?" aliuliza Shekolowa.

Nambike aliitazama skrini. Kumbukumbu za siku ya ajali alikuwa ameziona mara nyingi, ila alizisoma tena. Siku ile ukuta wa chini wa ndiva ulianza kupasuka. Mratibu aliupima ufa, akaona bwawa lisipotolewa maji mara moja ukuta utawaangukia wote wanaoishi chini yake, pamoja na zahanati. Akafungua lango lote. Na katika orodha ya alivyovizingatia, mstari mmoja ulisema: mferejini, mtu mmoja.

"Alihesabu vizuri," alisema Shekolowa, maana naye alikuwa na skrini yake.

"Alihesabu vizuri. Lakini hakukuwa na king'ora cha kumwambia Eliwaza, shemeji yake Togolai, atoke. Kwa nini hakikuwepo?"

Jibu walilijua wote wawili. King'ora kikilia wakati mpini haujaguswa, hata mtoto angejiuliza nani kafungua.

"Tulilijadili," alisema Shekolowa. "Na wewe ulikuwepo kikaoni."

"Nilikuwepo," alisema Nambike, akakata simu.

*

Nanzia, mke wa Togolai, alikuwa dada wa marehemu. Alimpokea Nambike mlangoni, kanga ya msiba kiunoni, macho makavu kwa kuchoka.

"Karibu, Injinia. Labda wewe atakusikiliza. Mimi nimefiwa na kaka, na sasa naona nafiwa na mume aliye hai."

"Hali chakula?"

"Anakula vizuri. Ndicho kinachonitisha. Anakula kama mtu wa safari."

Togolai alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigogo, akinoa jembe lisilohitaji kunolewa. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mcheshi kwa kawaida, aliyezoea kumtania Nambike kwamba mikono yake ni ya kushikia kalamu. Leo hakumtania.

"Pole na msiba, kaka."

"Asante, dada. Kaa."

"Nimekuja kuhusu ukuta. Ulikuwa umepasuka. Maji yangetoka tu, hata..."

"Ufa haukunituma nijifiche," alisema Togolai, na jiwe la kunolea likasimama. "Nilikuwa nimeshika mpini, nimeusukuma nusu. Eliwaza yuko chini kwenye kona anang'oa magugu, namsikia anaimba vibaya kama kawaida yake. Mara naona kitenge cha mama mkwe kinashuka njia ya mkato." Hapo alishusha sauti, kwani huko mkwe wa kike hatajwi kwa sauti kubwa, na uso kwa uso hatazamwi kabisa; mkikutana njiani, mwanamume ndiye anayepisha. "Ningefanya nini? Nimkodolee macho mkwe wangu? Nikaruka nyuma ya kichaka, nikainama. Miguu inamsumbua, anatembea polepole. Nikangoja. Nilipoinuka, mfereji ulikuwa unanguruma."

"Ukafanya nini?"

"Nikausukuma mpini kushoto kwa kifua changu chote. Haukunisikia. Miaka yote hii unanisikia, siku ile haukunisikia."

Nambike alikuja na maneno aliyoyapanga. Angezungumzia ufa, na shinikizo la maji, na bahati mbaya, halafu angeondoka na siri yake salama. Lakini maneno yaliyotoka hayakuwa yale.

"Haukukusikia kwa sababu hausikii," alisema. "Chukua shati. Twende ukaone."

Chini ya nguzo palikuwa na kifuniko cha chuma ambacho watu waliambiwa kina umeme. Nambike alifungua boliti kwa spana, akasogea pembeni. Togolai alipiga magoti, akaingiza mkono mmoja ndani, na kwa mkono mwingine akausukuma mpini ulio juu yake. Akausukuma tena. Nambike aliona uso wake ukisikiliza kilichokuwa kikitokea kwenye vidole: springi ikijikunja, springi ikijikunjua.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipojengwa."

"Mwaka wa viwavi. Watu wote walinikataza nisipeleke maji matuta ya juu kwanza. Nikapeleka, na maharage yakapona."

"Mratibu ndiye aliyeyapeleka. Wewe ulisukuma siku hiyohiyo."

"Binti yangu alizaliwa mwaka ule," alisema Togolai taratibu. "Kila akila maharage namwambia, unakula mkono wa baba yako."

"Togolai, hukumuua Eliwaza. Hicho ndicho nilichotaka ukijue."

Alidhani atalia, au atashukuru, au angalau atavuta pumzi. Togolai aliinuka, akajifuta magoti, na alipomgeukia Nambike uso wake ulikuwa wa hasira tupu.

"Umekuja kunitua mzigo au kunivua nguo?"

"Mimi..."

"Subiri." Aliinua pembe iliyokuwa shingoni mwake. "Na hii nayo ina springi ndani?"

"Hapana."

"Hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi kama ningekuwa nimesimama pale nilipopaswa kusimama, ningeyaona maji yakipanda. Ningepuliza. Angewahi kupanda?"

Nambike alikuwa mtu wa hesabu. Alijua kasi ya maji siku ile, alijua umbali kutoka langoni hadi kwenye kona, alijua kingo za mfereji zilivyo na utelezi. Alizipanga kichwani zote, na kila alipofika mwisho alikutana na miguu ya Eliwaza, ambayo hakuna aliyejua ingekimbia vipi.

"Sijui," alisema.

"Basi usiniambie sikumuua. Sema hujui." Alikirudisha kifuniko mwenyewe, akakikaza kwa mkono. "Na usimwambie mtu. Wale wote wanaamka na giza kwa ajili ya mpini huu. Ukiwanyang'anya, watashika nini? Mimi niache niondoke na kosa langu. Angalau hilo ni langu."

Yalikuwa karibu maneno yaleyale ya Shekolowa, isipokuwa huyu aliyasema akiwa yeye ndiye anayelipa. Nambike aliitikia kwa kichwa. Aliporudi chumbani kwake alijikuta amepata nafuu, na nafuu ile ilimtia aibu.

*

Baraza lilikaa juu ya kuta za ndiva, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Mwalimu Nakunda, mwenyekiti wa kamati ya maji, katikati. Mwalimu alistaafu kufundisha lakini hakustaafu kukemea. Alimpa Togolai nafasi, naye akasimama, akasema yake kwa ufupi: aliacha mpini, pembe ilikuwa shingoni na hakuipuliza, shemeji yake amekufa, anaomba radhi na anahama. Watu waliguna kwa uchungu. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyempinga.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Mwalimu Nakunda.

Mama wa marehemu akainuka. Naetwe alikuwa mwanamke wa makamo aliyezeeka ghafla, mrefu, mwenye fimbo. Alisimama akiwa amewapa mgongo wanaume, maana mkwewe alikuwa upande huo, na akazungumza na maji.

"Mwalimu, nisaidie kumwambia mkwe wangu. Mwambie njia ile ya mkato ni mimi niliyeichagua. Nilijua zamu ni ya nani. Njia kubwa ipo, ila miguu iliniuma, nikasema acha nipite, atajificha, ni kijana wa adabu. Tena mwambie nilimwona. Niliona kisigino chake kichakani. Basi nikapunguza mwendo. Heshima ile ilinifurahisha, Mwalimu. Nikatembea kama bibi harusi. Mwanangu anakufa kule chini, mimi huku naonja heshima. Kama ni kuhama, mimi ndiye wa kuhama."

Nanzia alipiga kelele, "Mama!" na wanawake wakamshika.

Nambike alimtazama Togolai. Togolai alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa pembe, na mabega yale mapana yalikuwa yakitikisika. Kosa lake mwenyewe alikuwa amelichagua akijua kila kitu. Lakini huyu mama hakuchagua. Alikuwa akijenga adhabu yake juu ya mpini wenye springi, na aliyekuwa akimtazama akiijenga, huku ananyamaza, alikuwa Nambike.

Akasimama. Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi aanze upya.

"Lango lilifunguliwa na Mratibu," alisema. "Mpini haukuunganishwa na kitu. Haujawahi kuunganishwa."

Kwanza watu walicheka. Mbazi, jirani wa Togolai, mwanamume wa maneno ambaye kila mwaka alidai mkono wake ni wa dhahabu, alisema injinia amechanganyikiwa kwa msiba, apelekwe akalale. Nambike hakubishana. Alikwenda kwenye nguzo, akafungua kifuniko, akasimama kando, akaendelea kuwaeleza huku wakipita mmoja mmoja: mota, bomba la chini, Masheko, ufa, na mtu mmoja mferejini. Alieleza pia kuhusu king'ora. "Kingeweza kulia. Tuliamua kisiwepo ili msijue. Kikaoni nilikuwepo, na sikupinga."

Mwalimu Nakunda aliingiza mkono shimoni, akautoa, akaufuta kwa kanga yake kama aliyegusa kitu kilichooza. Kutoka nyuma mtu mmoja alisema, "Mbazi, na ule mkono wa dhahabu?" lakini hakuna aliyecheka, na Mbazi aliitazama mikono yake miwili kana kwamba ni ya kuazima.

Naetwe hakwenda kuangalia shimo. "Huyo Mratibu," aliuliza, bado amewapa mgongo, "alimwona mwanangu?"

"Alimwona, mama."

"Akasemaje?"

"Hasemi. Alihesabu waliokuwa chini ya ukuta, akamhesabu na yeye."

"Na tangu siku hiyo analala?"

"Halali wala haamki, mama. Hakuna anachohisi."

Naetwe aligeuka. Aligeuka mzima mzima, akautazama upande wa wanaume, akatembea kwa fimbo yake mpaka mbele ya Togolai, na baraza zima likavuta pumzi. Togolai alijaribu kurudi nyuma, lakini nyuma yake kulikuwa na maji.

"Usijifiche," alimwambia. "Inua uso. Inua, baba. Kumbe kati ya wote walioua, wewe peke yako ndiye mwenye uso."

Togolai aliinua uso. Walitazamana, mkwe na mkwe, jambo ambalo hakuna aliyekuwepo aliyewahi kuliona, na wote wawili walikuwa wakilia waziwazi bila kujifuta. Wazee kadhaa waliangalia pembeni kwa aibu.

Baada ya muda Mwalimu Nakunda alikohoa. "Mila inasema mshika zamu ahame," alisema. "Siku ile hakuna aliyeshika zamu. Baraza limefungwa."

*

Alichokiogopa Shekolowa kilianza wiki hiyohiyo. Pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, ililia alfajiri na waliotokea walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Nambike alikuwa mmoja wao, Togolai mwingine. Mbazi alikuwa kibarazani, mguu juu ya mguu.

"Nizibue mfereji wa nani?" aliwauliza walipompita. "Mwenye maji si yupo? Mwambieni Mratibu achukue jembe."

Togolai alizibua, lakini kwa mwendo wa mtu anayefanya kazi ya mwingine, na alipofika kwenye ile kona alisimama muda mrefu, hakung'oa hata jani. Nanzia alimwambia Nambike kwamba mumewe haondoki tena, lakini hayupo pia. Analala hadi jua linapanda, akiulizwa tupande nini anasema chochote. Magugu, ambayo hayana habari na baraza, yaliota.

Shekolowa alipiga simu, safari hii bila chai. Angetuma mafundi waung'oe mpini, na Nambike ajiandae kurudi bondeni kujieleza. "Umeona sasa?" alisema. "Ukweli wako umezibua mifereji mingapi?"

Nambike alikuwa bado ameshika simu Naetwe alipobisha hodi, akaingia, akaketi bila kungoja kukaribishwa.

"Nimekuja na swali moja," alisema. "Ule mpini unaweza kuunganishwa?"

"Shafti yake, chuma cha kuuunganisha na lango, ipo stoo. Ilikuja na lango, haikufungwa." Nambike alivuta kiti, akakaa karibu yake. "Lakini mama, nisikilize vizuri, maana sitaki kukudanganya tena. Mratibu ana vihisi kila mahali. Mtu ana mkono na macho mawili. Mtakosea. Mtapeleka maji mengi hapa, machache kule, mavuno yatapungua. Na siku nyingine atakufa mtu ambaye Mratibu angemwokoa. Siku ile ya Eliwaza, kama lango lingengoja mkono wa mtu, huenda ukuta ungeanguka. Nyumba zote zile. Wajukuu zako wako kule."

Halikuwa jambo dogo, na Naetwe hakulifanya dogo.

"Basi mtambo useme," alisema hatimaye. "Ufungiwe king'ora, upige kelele mpaka tuzibe masikio. Utuambie ufa uko wapi na nani yuko wapi. Lakini wa kufungua awe mtu. Nimezika mwanangu, Injinia, na nikitoka nje sijui nielekee wapi. Maji yakiua tena, nataka awepo mtu ambaye mzazi atakwenda kumgongea mlango."

"Na mtu huyo ataishije?"

"Vibaya," alisema Naetwe. "Kama mimi. Lakini ataziba nyufa mapema."

Alipoondoka Nambike alibaki amekaa. Hakukuwa na mwongozo wa kufuata, na aliyekuwa na mamlaka ya kuamua alikuwa amekwishaamua kinyume. Kikaoni mara ile alinyamaza, akajiambia kwamba ni uamuzi wa wote. Sasa alijua kwamba akiuunganisha ule mpini atakuwa ameuunganisha yeye, na kwamba kwa kila atakayesombwa na maji au kumwagiliwa shamba kwa mpini huo, kwa miaka mingi, yeye atakuwa na mkono wake ndani. Aliogopa sana. Kisha akaenda stoo.

Waliifunga shafti mchana, kabla mafundi wa Shekolowa hawajafika, yeye na Togolai, na Mwalimu Nakunda akisimamia kana kwamba ni mtihani. King'ora kilichukuliwa kutoka kwenye gari la zahanati. Mratibu hakupinga; alipoondolewa mota alianza tu kuonyesha ushauri wake kwa taa juu ya nguzo, kijani kukiwa sawa na nyekundu kukiwa na kosa. Kisha wakatazamana ni nani ashike kwanza, na kila mtu akagundua ana kazi mahali pengine.

"Mkwe wangu ndiye anayejua," alisema Naetwe.

Zamani Togolai alikuwa akishika mpini kwa vidole viwili, huku akipiga soga. Asubuhi iliyofuata aliushika kwa mikono miwili na jasho likimtoka. Alipuliza pembe, akangoja, akatazama mfereji wote kwa macho, akapuliza tena. Watu wachache walisimama ukutani wakimtazama. Taa ya Mratibu ilikuwa ya kijani. Alisukuma kidogo, na chini ya miguu yake chuma kikasaga chuma. Lango lilijibu. Alishtuka hadi akauachia mpini, kisha akaushika tena, na hakuthubutu kuuongeza.

Maji yalitoka membamba. Yalitambaa mferejini, yakapita kwenye kona, yakayafikia matuta ya juu, ya kati, yakachoka. Taa iligeuka nyekundu. Kutoka matuta ya chini kabisa sauti ya Mbazi ikapanda mlima.

"Nyie huko! Maharage yangu yananyauka! Maji yako wapi? Nani kayabana?"

Ukutani kila mtu alimgeukia Togolai. Nambike, aliyekuwa kando ya nguzo, alimwona akiitazama taa, akiutazama mpini, akiitazama mikono yake. Alijaza kifua.

"Ni mimi!" alipaza sauti. "Nimekosea mimi, Togolai!"

Kule chini palikuwa kimya kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa. Halafu Mbazi akaanza. Alimtukana Togolai, akamtukana na mkono wake, akasema hata mtoto wa chekechea angeona maji yale hayafiki, akaapa kwamba anapanda sasa hivi kuja kumwonyesha mpini unavyoshikwa. Na kweli walimwona akitokeza kwenye mfereji, jembe begani, anapanda kwa hasira, akisimama hapa na pale kung'oa magugu yaliyomziba njia.